Kaka katoka gerezani na mfuko wa madaftari. Nifanye nayo nini?

Mchapaji_Makorora:

Wakuu, salaam. Habari yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Kaka yangu mkubwa alifungwa 2014 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wenye ndugu huko ndani mnaijua hesabu yake: mvua thelathini, yaani miaka thelathini, hakimu hana pa kupunguzia. Rufaa ya Mahakama Kuu ikagonga mwamba. Ya pili ikakaa miaka, mwishowe Mahakama ya Rufani ikamwachia, kwa kuwa mashahidi walisema walimtambua usiku kwa mwanga wa taa na hakuna aliyeweza kueleza taa yenyewe ilikuwa wapi wala ilimulika kiasi gani. Hoja hiyo kaka aliiandika mwenyewe, kwa mkono. Darasa la saba huyu. Ukimwamsha saa nane za usiku atakutajia kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ile ya kumtambua mtu kwa macho, bila kukosea.

Yuko nyumbani hapa Tanga tangu mwaka jana. Mchana yuko karakana ya mjomba, Ngamiani. Useremala alijifunza kulekule na mkono wake ni mzuri, meza zake zinagombewa. Kwa hiyo shida siyo kazi. Shida ni kwamba mwenyewe bado hajafika. Anaomba ruhusa kwenda msalani. Baba mdogo akipita na viatu vyake vizito, kaka anachutama kabla hajajijua. Analala taa inawaka. Mtoto wake, ambaye alimwacha tumboni, anamwita "anko", na yeye anaitikia.

Kinachomtuliza ni kuandika. Alitoka na mfuko wa sandarusi umejaa madaftari. Kule ndani aliwaandikia wenzake barua na hoja za rufaa, akilipwa sabuni na sigara, na karatasi zilizobaki akaandikia mambo yake. Bado anaendelea, kila siku kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, akaniomba nimchapie. Sikilizeni mwanzo wa hadithi moja, ameniruhusu niuweke hapa:

"KWAMBA, mnamo majira ya saa kumi na moja alfajiri, paka jike wa rangi ya majivu aliingia jikoni pasipo idhini ya mpishi. KWAMBA, paka huyo alikuwa na mimba. KWAMBA, askari wa zamu alimwona na kwa makusudi akageuza uso."

Zote ziko hivyo, KWAMBA mwanzo hadi mwisho. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilishindwa.

Sasa naomba mnisaidie. Nizinyooshe ziwe Kiswahili cha kawaida au nichape zilivyo? Mama anataka madaftari yachomwe moto, anasema ndiyo yanayomrudisha kule kila alfajiri. Na kuna kijana mwenye chaneli ya YouTube, anahoji watu waliotoka jela, ameahidi laki mbili kaka akikaa mbele ya kamera "aeleze kila kitu". Kaka hajakataa wala hajakubali. Kaniambia tu, "Amua wewe." Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Dereva_wa_Chalinze:

Dada pole. Lakini mtu katoka jela nyinyi mnajadili hadithi? Tumbo halisomi. Laki mbili achukue, hao vijana wa YouTube kesho wanahamia kwa mganga au kwa mwanamke aliyezaa mapacha watano, hela inapotea.

Mchapaji_Makorora:

Dereva, hela tunaitaka, sitakudanganya. Lakini nimesema kazi anayo na anakula. Juzi tumevuka barabara pale Mkwakwani, yeye na mwanawe wameshikana mkono, na anayevushwa ni yeye. Hilo haliponi kwa laki mbili.

Mzee_wa_Kisauni:

Salaam, binti yangu. Nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Nilisomesha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na tangu hapo nina baraza la hadithi kila Alhamisi baada ya Alasiri, nyuma ya duka la jamaa yangu, kwa waliotoka ndani. Jela kubwa ya huku kwetu ni Shimo la Tewa, basi wageni hawapungui. Sina cheti cha ushauri nasaha. Nina mikeka, kahawa chungu, na nina subira ya kusahihisha insha miaka yote ile.

Madaftari yasichomwe, na hadithi zisinyooshwe. Nianze na hili la pili kwa sababu limenikaa moyoni tangu asubuhi.

Kaka yako amejifunza kuandika mahali ambapo sentensi isiyoanza na KWAMBA haisomwi na mtu mwenye uwezo wa kumsaidia. Ndiyo sentensi iliyomfungulia geti. Paka naye kamwandikia hivyo hivyo, kwa heshima ileile aliyowapa majaji watatu. Na tazama alivyofanya na yule askari. "Kwa makusudi" katika hati ya mashtaka ni maneno ya kumtia mtu hatiani. Yeye kayachukua akamsifu nayo askari aliyegeuza uso ili paka mwenye mimba apite. Nimesahihisha insha za watoto wa watu wenye magari, sikuwahi kukuta hilo. Ukiligeuza likawa "askari alimwona paka lakini akamhurumia", umemnyang'anya. Chapa lilivyo. Makosa ya herufi sahihisha ukiwa naye, mmoja mmoja, akikubali.

Halafu kuna jambo ambalo wasiokaa na watu hawa hawalioni. Tangu siku ya kukamatwa, mtu huyu ameulizwa hadithi moja tu. Polisi kaiuliza, akaiandika vingine. Hakimu kaiuliza kwa kiapo. Siku ya kwanza selo, nyapara kaiuliza: umekuja na kesi gani? Ametoka, majirani wanaiuliza kwa macho. Sasa kijana wa kamera anaiuliza na hela mkononi. Hadithi hiyohiyo, na kila anapoisimulia lazima iwe kweli tupu, maana ikipishana na ya jana anaitwa mwongo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "andika maisha yako, utapona", umemrudisha kizimbani.

Wazee wetu waliacha mlango mwingine. Mtambaji akiita "hadithi, hadithi!", wasikilizaji huitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unakaribishwa mbele ya watu wote, na mtambaji hana kiapo. Basi pale barazani kwangu sheria ni moja: kwa miezi ya mwanzo hakuna "mimi". Ni "paliondokea mtu". Na hakuna anayeruhusiwa kuuliza, "Huyo mtu ni wewe?" Akiuliza, analipia kahawa ya wote.

Nikupe mfano uone inavyokwenda. Alikuja bwana mmoja, alifungwa kabla ya 2019. Siku ya kutoka akarudishiwa vitu vyake vya stoo: mshipi, viatu, pochi, na ndani ya pochi noti ya elfu. Ya zamani, yenye sura ya Kenyatta. Huku kwetu Benki Kuu ilizifuta noti zile, tarehe 1 Oktoba 2019 zikawa karatasi. Yeye hajui. Kapanda matatu, kampa utingo elfu, utingo kaigeuza-geuza, kacheka, kawaonyesha abiria. Bwana yule akashuka akatembea kwa miguu.

Mara ya kwanza alipotaka kuisimulia alishindwa, akaishia kutukana. Nikamwambia aisimulie kama ya mtu mwingine. Ikatoka, lakini fupi. Wiki nyingine nikamwambia aisimulie awe yeye ndiye utingo. Hapo ndipo ilipoanza kunona, kwa maana ilimbidi ampe yule kijana njaa yake, tajiri wake wa gari, hesabu ya jioni isiyotimia, na mtu mzima aliyevaa suruali ya zamani anayemletea noti iliyokufa. Mara ya tatu akaomba mwenyewe aisimulie awe noti. Noti imelala gizani ndani ya pochi miaka yote, inajijua kuwa ni elfu, haina habari kwamba huko nje imeshafutwa. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akasema, "Noti hiyo naijua, tulilala nayo selo moja." Kilichofuata ni kicheko mpaka mwenye duka akaja kutazama kuna nini.

Mimi sikuongeza neno. Mwalimu akianza kueleza maana, baraza huvunjika.

Wageni wote huwaanzia na Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa hadithi za kale za pwani. Labda mama yako anaijua pia. Liyongo amefungwa minyororo, mjakazi Saada anamletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi wanakula kilicho kizuri wanamwachia makapi. Akatunga shairi, Saada akalibeba kichwani kwenda kwa mama: oka mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani yake utie tupa ya kukereza chuma. Walinzi wakauona mkate wa wishwa, wakaudharau, wakampa. Kisha akawatungia watu nyimbo za gungu, ngoma ikapigwa nje usiku, matari na matoazi, na chini ya kelele ile yeye anakereza minyororo. Waliotoka ndani huipenda bila kuelezwa kitu, hasa pale kwenye chakula kuliwa na walinzi. Hapo hutazamana.

Nikimaliza huwauliza: wewe ungetaka nini ndani ya mkate? Nimesikia mengi. Kitambulisho. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Mmoja alisema chumvi. Mwingine alikataa habari za mkate, akataka kujua Saada alijisikiaje kupita mbele ya wale walinzi kila siku, na hakuna aliyemuuliza. Akaenda nyumbani akaandika kurasa za Saada. Mkewe ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na sabuni siku za kutembelewa. Hakunionyesha alichoandika, alimsomea mkewe.

Watu watakuambia habari za Abdilatif Abdalla, na ni habari ya kweli, mwenzetu wa Mombasa. Alifungwa 1969 kwa kijikaratasi cha siasa, akakaa miaka mitatu, mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni. Katoka 1972, *Sauti ya Dhiki* kikachapishwa 1973, na 1974 kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Vijana hupiga makofi hapo. Mimi huwapoza. Yule alikuwa malenga kabla hajaingia, na aliingia kwa siasa. Wengi wa baraza langu waliingia kwa simu, bangi, ng'ombe na hasira. Usimwambie kaka yako kitabu chake kitapata tuzo. Kilicho na faida katika kitabu kile ni kingine: mtu mwenye haki zote za kulalamika, bado alipitia kwa mamba, kwa jipu, na kwa ndugu wawili wanaogombania mnazi. Hakujifunga kwenye "mimi niliteswa".

Kwa hiyo kuhusu yule kijana wa kamera, mwambie bado. Usimwambie hapana, maana kaka yako siku moja anaweza kutaka, na iwe shauri lake. Hilo la "amua wewe" usilikubali. Huko alikotoka aliamuliwa mpaka saa ya kujisaidia. Mrudishie swali, hata ikichukua mwezi.

Mama yako usibishane naye. Muombe aje kusikiliza moja. Ile ya paka.

Aliyesubiri_Kamba:

Mwalimu amesema vizuri, mimi naongeza yangu. Niko Kenya, bara. Nilihukumiwa kunyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kutoka kunyongwa hadi maisha, nikiwa mmoja wao. Halafu Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Hapo tukaanza kurudishwa kortini kuhukumiwa upya. Nikahesabiwa miaka niliyokaa, nikatoka.

Nilipotoka nilichukuliwa na kanisa moja kutoa ushuhuda. Sitalitaja. Mwanzoni nilifurahi, nilipewa suti na nauli. Lakini niligundua nikilia sadaka inaongezeka, na mchungaji naye aligundua. Akawa ananiambia kabla ya ibada, leo hiyo sehemu ya kisu usiiruke. Kila Jumapili nilikuwa namuua yule mtu upya mbele ya watoto. Mtu akarekodi, ikaenda mtandaoni, msichana wangu akaikuta shuleni kwenye simu ya mwenzake. Mpaka leo iko huko. Simu ya kuomba iondolewe nimepiga, najibiwa tutaangalia.

Kwa hivyo dada, laki mbili ni pesa, lakini uliza: hiyo video itakuwa ya nani? Nani ataandika kichwa chake? Wataweka picha gani? Ukipata majibu ya hayo matatu kwa maandishi, basi mjadili. Hawatakupa.

Kilichonisaidia mimi ni barua. Niliandikia familia ya marehemu. Sikutuma. Hawana deni la kusoma maneno yangu, wao ndio waliofiwa. Niliandika nyingi, ziko kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, zimefungwa. Za kwanza zote zilikuwa za kujitetea, ukizisoma utadhani ni wakili. Za baadaye zimekuwa fupi. Moja inauliza tu kama ile miembe yao bado inazaa.

Mtanga_Leicester:

Mchapaji, shikamoo kwa mama. Mimi naishi Uingereza na nimesoma Chumbageni kwetu huko. Hapa kuna shirika linaitwa Storybook Dads, lilianzia gereza la Dartmoor. Baba aliye ndani anarekodiwa akisoma hadithi ya kulalia, wafungwa wenzake waliofundishwa kazi hiyo wanaondoa makosa na kuweka milio, mlango unagongwa, mbwa anabweka, kisha mtoto anatumiwa nyumbani. Baba asiyejua kusoma husomewa sentensi moja moja akairudia, halafu sauti ya msomeshaji inakatwa. Mtoto anasikia baba yake anasoma moja kwa moja.

Nimelikumbuka kwa ajili ya huyo mtoto anayesema "anko". Kaka yako yuko nje, hahitaji kurekodiwa. Kazi yake ni kukaa kitandani kwa mtoto. Na kwa mtoto wa miaka hiyo paka anatosha, hana haja ya kujua jiko lilikuwa la wapi.

Afisa_Ustawi:

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, Tanzania, naandika kama mtu binafsi. Nina machache.

Anayesema tumbo halisomi, Brazil wanasoma na inahesabiwa. Katika magereza yao ya shirikisho, tangu 2012, mfungwa akisoma kitabu na kukiandikia muhtasari wa kueleweka anapunguziwa siku 4, mwisho vitabu 12 kwa mwaka, yaani siku 48. Kwetu kuna msamaha wa theluthi kwa tabia njema, kuna msamaha wa Rais, na kuna parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kwa sheria ya 1994. Kalamu haijaingia popote. Mfungwa anayefyatua matofali anaonekana amefanya kitu, anayeandika anaonekana amekaa.

La pili ni tahadhari kwa dada. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha jaribio: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo zito la maisha yao. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Kwa hiyo kaka akiinuka mezani amenuna, usimfuate na maswali, na usikimbilie kusema mama alikuwa na haki. Mpe chai. Ila akiacha kula, akikesha mfululizo, au akianza kusema habari za kujimaliza, hapo siyo suala la daftari. Mpelekeni hospitali ya mkoa, muulizie kitengo cha afya ya akili siku hiyohiyo.

Na kama saa za alfajiri zinamtisha mama, si lazima kuandika kuhame. Labda kusoma ndiko kuwe jioni, watu wakiwepo.

Dereva_wa_Chalinze:

Afisa, siku 48 kwa kusoma vitabu? Mimi ningetoka kabla sijaingia. Haya, naendelea kufuatilia.

Mchapaji_Makorora:

Nimerudi wakuu. Mzee wa Kisauni, shikamoo, na samahani kwa kuchelewa.

YouTube tumemwambia bado. Nilimrudishia kaka swali kama ulivyosema, akakaa kimya siku kadhaa, halafu akaja kibandani kwangu mchana, watu wamejaa, akasema, "Sitaki." Akarudi zake karakana.

Ya paka imesomwa. Mama alikuja kwa shingo upande, akakaa mlangoni. Mtoto alikatiza kila KWAMBA ya pili. Aliuliza paka alizaa wangapi, kaka akasema hilo halikuwa kwenye kumbukumbu. Mtoto akamwambia, "Si useme tu?" Akasema wanne. Mimi na mama tukatazamana, kwa sababu kaka nyumbani hajawahi kusema kitu asichokuwa na hakika nacho. Hata ukimuuliza saa ngapi anataka kwanza aone saa.

Sasa kuna jipya. Hadithi nyingine ni ya mwenye duka. Ni shahidi aliyesema alimtambua usiku ule. Yuko hai, duka bado lipo, ni mwendo wa dakika tano kutoka kwetu, na hadithi inamtaja kwa jina lake na jina la baba yake. Siyo matusi. Kaka ameandika usiku ule wote akiwa ndani ya kichwa cha mwenye duka, alivyoogopa, alivyotaka mtu yeyote awe ndiye. Ni nzuri kuliko zote, na ndiyo inayoniogopesha. Nichape?

Mzee_wa_Kisauni:

Marahaba, binti. Wanne ni hesabu nzuri.

Hiyo ya mwenye duka, badilisha. Na usibadilishe jina peke yake, kwani mtaa wenu utamjua kwa duka. Mwenye duka awe mshona viatu, usiku uwe wa mvua, mtaa uwe wa mji mwingine. Mwenye hadithi asiposhikwa na ukweli wa mambo madogo, atasema ukweli wa makubwa. Tena yule bwana hajaomba kuwa ndani ya kitabu cha mtu. Alikosea kutambua, akasema mahakamani alichoamini ameona. Akijisoma humo, atakuja mlangoni kwenu, na hamjui atakuja na nini.

Aliyesubiri_Kamba:

Mwalimu, hapa nakupinga kidogo. Kama angeniambia niandike barua zangu na jina la uwongo, singeandika hata moja. Jina ndilo lilikuwa limenikwama kooni. Kaka wa dada huyu amefikia kumpa huyo mtu hofu yake, na amefika hapo kwa kutumia jina lake. Ukimwambia sasa abadilishe awe mshona viatu, anaweza kuweka kalamu chini. Mwache amalize na jina. Siku karatasi itatoka nyumbani, ndipo ibadilishwe.

Mzee_wa_Kisauni:

Umenipata. Nakubali kwa nakala ya nyumbani, iwe moja, na akae nayo yeye. Lakini binti, hiyo usiipigie chapa kibandani. Wateja wako wanasimama nyuma ya bega lako wakisubiri kopi za vyeti, na Makorora ni mji wa macho. Mchapie nyumbani usiku, au aiache kwa mkono wake. Na mwambie hiyo ya pili, ya mshona viatu, mimi naitaka. Akiniruhusu nitaisoma Alhamisi, wasikilizaji wangu hawajui Tanga wala mwenye duka, na nitakuletea walichosema.

Mchapaji_Makorora:

Nimemsomea yote mliyoandika. Amesema ya nyumbani itabaki kwa mkono. Ya Alhamisi ataanza leo, ila mshona viatu hamtaki, anasema kazi hiyo haijui na hawezi kumwandikia mtu asiyejua anashika nini mkononi. Atamfanya seremala.